Vya Kufungulia Kinywa: Mapishi ya Louisiana kwa Jiko la Mkulima wa Karafuu

Ndugu Wanachama,

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za kupalilia, kuchuma, kuchambua na kuanika, na habari za bei. Leo nawaombeni tuingie jikoni. Mkulima anayeijua karafuu kwa gunia peke yake huijua nusu tu. Nusu ya pili imo chunguni. Wengi wetu tunapanda, tunachuma na tunauza, kisha nyumbani karafuu haionekani ila katika pilau na chai, na pengine chembe moja katika jino linalouma.

Ninalotaka kueleza ni vile vitu vidogo anavyoletewa mgeni kabla ya chakula chenyewe, ili kinywa kifunguke na mazungumzo yapate kuanza. Sisi tunavyo vyetu: sambusa, kachori, katlesi na badia, na kila nyumba huvijua Mwezi wa Ramadhani. Lakini wako watu wa mbali wenye sifa kubwa kwa kazi hii, nao ni watu wa majimbo ya kusini ya Marekani, hasa wa mji wa New Orleans katika jimbo la Louisiana. Nimewachagua wao kwa sababu ukivitazama vitu wanavyopikia, yaani mchele, bamia, kunde, ufuta, kamba, kaa, pilipili na karafuu, utadhani umesimama sokoni kwetu. Na kufanana huku hakukuja kwa bahati.

MJI NA WATU WAKE

New Orleans uko kando ya mto Mississippi, karibu na pale mto unapoingia Ghuba ya Mexico. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718. Baadaye ulitawaliwa na Wahispania, ukarudi kwa Wafaransa, na mwaka 1803 Marekani ikainunua Louisiana yote. Kwa hiyo katika jiko la mji ule mna mikono mingi. Wenyeji wa asili walitoa mahindi na majani ya kuzitia mchuzi uzito. Wafaransa walileta namna zao za kutengeneza mchuzi. Wahispania nao walikuwa na yao. Mchanganyiko huo, watu na mapishi, ndio unaoitwa Krioli.

Lakini waliosimama mbele ya moto, siku zote na nyumba nyingi, walikuwa Waafrika. Na Waafrika hao hawakwenda kule kwa hiari yao. Meli za kwanza za watumwa kutoka Afrika ziliwasili Louisiana mwaka 1719, na manahodha walikuwa wameagizwa walete pamoja nao mbegu za mpunga na watu wanaojua kuulima. Yaani ujuzi wa mtu ulitakiwa, na mtu mwenyewe akafanywa mali.

Watu hao walinyang'anywa majina yao na jamaa zao, lakini hawakunyang'anywa ladha ya kinywa chao. Mchuzi mzito wa mji ule, ulio mashuhuri kuliko vyakula vyake vyote, huitwa gumbo. Neno hilo limetokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, kingombo. Msomaji atalitambua lile "ki" la mwanzo, kwani lugha hizo na Kiswahili ni ndugu. Katika jimbo la South Carolina ufuta huitwa benne mpaka leo, na jina hilo lilitoka Afrika ya Magharibi. Badia za kunde, ambazo huko Afrika ya Magharibi huitwa akara, nazo zilivuka bahari pamoja na waliozijua.

SISI PIA TUMO KATIKA HADITHI HII

Mwanachama asidhani kuwa habari hizi ni za mbali. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, akafika Unguja kutoka mji wa Salem. Meli za Salem zilichukua pembe, sandarusi na karafuu. Zilileta nguo nyeupe ngumu ambayo wazee wetu waliiita merikani, na jina hilo halijafutika.

Sasa angalieni. Merikani ilifumwa kaskazini ya Marekani, lakini pamba yake ililimwa kusini na watumwa. Karafuu zilizopakiwa hapa zilichumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba, nayo mashamba hayo wakati huo yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa. Mtumwa wa huku alivaa jasho la mtumwa wa kule, na jasho la huku likaenda kutia harufu katika vyungu vya watu ambao hatukuwajua. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Hapa Zanzibar amri ya kuuondoa utumwa katika sheria ilitolewa mwaka 1897.

Sisemi haya ili kumtonesha mtu kidonda. Nayasema kwa kuwa tunashika urithi ambao wengi waliouanzisha hawakupata kuufaidi, na mwenye kushika urithi hujuzu aujue ulikotoka. Basi tuanze na chakula ambacho habari yake ni hiyo hasa.

CALAS, NDUGU WA VITUMBUA

Calas ni maandazi madogo ya wali. Zamani wanawake Waafrika walikuwa wakiyauza asubuhi katika njia za New Orleans, chombo kichwani, kimefunikwa kitambaa, wakinadi kwa Kifaransa kuwa ni ya moto. Wengine walikuwa huru na wengine walikuwa watumwa wakiuza kwa ruhusa ya mabwana zao, nao walibakiwa na sehemu ya pato.

Wakati wa utawala wa Wahispania ilikuwako sheria iliyompa mtumwa haki ya kujinunua mwenyewe. Alikadiriwa bei, na akiitimiza bwana wake hakuweza kumzuia. Kwa hiyo wako watu waliotoka utumwani kwa senti za biashara ndogo ndogo kama hii ya calas, na wako waliorudi kuwanunua watoto wao. Tunapomwona mama akiuza vitumbua vyake kando ya njia alfajiri, tusikione kitu kile kidogo. Kwa wenzake wa New Orleans chombo kama kile kilikuwa bei ya mtu.

Vitumbua vyetu huanza na mchele ulioloweshwa ukasagwa. Calas huanza na wali uliokwisha kupikwa, hivyo ni njia nzuri ya kutumia kiporo cha jana.

Vinavyotakiwa: wali laini kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, maji ya uvuguvugu nusu kikombe, mayai 3, unga wa ngano kikombe kimoja na robo, sukari robo kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, kungumanga ya kukwaruza kidogo, karafuu ya kusaga, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili tu, mafuta ya kukaangia.

Namna ya kufanya: Usiku uponde wali kwa mwiko mpaka uvurugike. Koroga hamira katika maji ya uvuguvugu, umimine juu ya wali, changanya na ufunike mpaka asubuhi. Asubuhi piga mayai, tia pamoja na sukari, chumvi, kungumanga, karafuu na unga. Koroga vizuri, uache rojo liumuke kwa muda wa nusu saa. Teleka mafuta ya kutosha katika karai. Chota kwa kijiko kikubwa, tia moja moja, geuza, na uyatoe yakiwa rangi ya dhahabu. Nyunyiza sukari laini na ule yangali ya moto.

Siku hizi wako wapishi wa kule wanaoyafanya ya chumvi ili yatangulie chakula. Acha sukari na kungumanga, tia mahali pake majani ya kitunguu yaliyokatwa, pilipili mbichi kidogo, na kamba waliochemshwa wakakatwa vipande vidogo. Kwa wageni wa jioni namna hii ni bora zaidi.

BAMIA ZA KUKAANGA KWA UNGA WA MAHINDI

Kwetu wako watu wasiopenda bamia kwa sababu ya ule utelezi. Watu wa Kusini wameutibu kwa unga wa mahindi, na aliyekuwa akizikimbia hurudi mezani.

Vinavyotakiwa: bamia changa robo kilo, maziwa ya mtindi nusu kikombe, unga wa mahindi kikombe kimoja, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga na pilipili nyekundu ya unga, kidogo kidogo, mafuta ya kukaangia.

Namna ya kufanya: Osha bamia zikiwa nzima, kisha zifute kwa kitambaa mpaka zikauke kabisa. Hii ndiyo siri yenyewe, maana utelezi hupenda maji. Kata vipande vya urefu wa pingili ya kidole, tia katika mtindi, uchanganye na utoe mara moja. Changanya unga na viungo katika sinia, gaagaza bamia humo mpaka zivae unga pande zote, ukung'ute unaozidi. Kaanga katika mafuta ya moto, chache chache, kwani ukijaza karai mafuta hupoa na bamia hunywa mafuta. Zitoe zikiwa kavu na za kuvunjika, uzichuje.

Kwa kuchovya, fanya mchuzi baridi kwa namna ya Krioli: haradali iliyosagwa kijiko kimoja cha mezani, siki kijiko kimoja, mafuta ya kula vijiko vinne, punje moja ya thomu iliyopondwa, majani ya kitunguu yaliyokatwakatwa, pilipili nyekundu ya unga na chumvi. Piga kwa uma mpaka uwe mzito. Watu wa New Orleans hula mchuzi wa namna hii pamoja na kamba baridi, na huuita rémoulade, jina la Kifaransa.

KAMBA WA SIKI NA KARAFUU

Hiki ni chakula cha pwani ya South Carolina na Georgia, nacho kimeenea Kusini yote. Uzuri wake ni kuwa hufanywa jana yake. Mgeni akifika mwenye nyumba hana la kufanya ila kufungua chupa.

Vinavyotakiwa kwa kuchemshia: kamba nusu kilo, maji lita moja, chumvi kijiko kimoja cha mezani, karafuu nzima 4, pilipili manga nzima 10, nusu ndimu.

Kwa kulowekea: kitunguu maji kikubwa kimoja, ndimu moja, siki nusu kikombe, mafuta ya kula nusu kikombe, punje 2 za thomu, karafuu nzima 3, pilipili mbichi moja, chumvi.

Namna ya kufanya: Chemsha maji pamoja na viungo vyake dakika 10 kabla ya kutia kamba, ili karafuu ipate kutoa harufu. Tia kamba waliokwisha menywa na kutolewa ule uzi mweusi wa mgongoni. Wakipinda na kugeuka wekundu, dakika 2 au 3 basi, watoe upesi. Wakizidi huwa kama mpira. Waache wapoe. Kata kitunguu na ndimu vipande vyembamba vya duara. Katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana panga kamba, kitunguu na ndimu tabaka kwa tabaka. Changanya siki, mafuta, thomu, karafuu, pilipili na chumvi, umimine juu. Funika na uweke katika friji usiku kucha.

Hapa naonya kwa herufi nzito: siki hii si badala ya baridi. Kamba hawa wakae katika friji mpaka saa ya kuliwa, nao wasizidi siku 2. Asiye na friji awapike asubuhi, awaloweke kwa muda wa saa moja tu mahali penye baridi, na wamalizwe papo hapo.

Kaa nao huchemshwa huko Louisiana katika sufuria kubwa ya viungo, na katika mchanganyiko wanaoufanya wapishi wa nyumbani hukosi haradali ya punje, giligilani, pilipili na karafuu. Watu huzunguka meza moja iliyotandikwa magazeti, kila mtu akavunja wake kwa mkono. Hapana sahani wala uma, wala hapana mkubwa na mdogo.

KARAFUU ITIWE VIPI

Wafaransa huiita karafuu msumari, kwa sura yake, na hata jina lake la Kiingereza limezaliwa na neno hilo. Na kwa kweli ni msumari: mmoja hushika, kumi hupasua ubao. Nguvu yake imo katika mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna kitu kiitwacho eujenoli, ndicho kitiacho ganzi jino. Ukizidisha karafuu katika chakula, ulimi nao hufa ganzi na vitu vingine vyote hupotea ladha. Kwa hiyo shikeni haya:

Kwanza, kwa lita moja ya maji au mchuzi, karafuu nzima 3 au 4 zatosha.

Pili, zichomeke katika kitunguu kizima kilichomenywa, kama misumari, ndipo ukitie chunguni. Wapishi wa Kifaransa hufanya hivyo, na mwisho hukitoa kitunguu pamoja na karafuu zake, asije mgeni akaitafuna.

Tatu, karafuu ya unga isagwe siku ya kutumiwa, kwani harufu ya unga haikai.

Nne, chagueni karafuu nzuri. Ibonyeze kwa ukucha. Iliyo njema hutoa mafuta. Itie katika maji. Njema huzama au husimama wima, na iliyokwisha nguvu hulala juu ya maji.

Katika hili la nne nina neno na wanachama. Nyumba nyingi zina desturi ya kuipeleka karafuu safi yote kituoni, na jikoni hubaki makonyo, vumbi na mpeta. Kisha tukisikia karafuu inasifiwa na wapishi wa dunia tunashangaa, kwa sababu tunayoijua sisi ni ile iliyokataliwa. Shauri langu ni dogo: kila msimu, kabla ya kufunga gunia, mwenye shamba aweke kibaba kimoja cha karafuu safi, kavu, yenye vichwa vyake, katika chupa iliyofungwa vizuri, kwa matumizi ya nyumba. Kibaba hakimpunguzii mtu mali, na watoto wetu watakua wakijua ladha ya kitu kilichowasomesha.

WANAWAKE WALIOKIPA CHAKULA HIKI HESHIMA

Kwa muda mrefu mapishi ya Louisiana yalisifiwa na wapishi wake hawakutajwa. Mabadiliko yaliletwa na wanawake wenyewe. Lena Richard wa New Orleans alichapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1939, na mwaka 1949 akaanza kufundisha upishi katika televisheni ya mji huo, wakati ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi katika mikahawa mingi ya mji huo huo.

Leah Chase, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2019, alipika miaka mingi katika mkahawa wa jamaa za mumewe, Dooky Chase's, uliofunguliwa mwaka 1941. Siku hizo sheria iliwakataza weusi na weupe kula pamoja. Katika chumba cha juu cha mkahawa huo waliketi pamoja, wakala gumbo yake, na wakapanga harakati za kudai haki. Mwenye mwiko hakutoa hotuba. Alipakua tu, na mlango wake haukufungwa.

Basi wanachama, jaribuni moja ya mapishi haya kabla ya kikao chetu kijacho. Wanawake wa Jumuiya wakipenda kuleta sinia la calas au bamia siku hiyo, Katibu atakuwa wa kwanza kufika. Na atakayegundua namna bora kuliko niliyoiandika aniletee, niipige chapa katika toleo lijalo, ili ifike kwa wote.

Wassalaam,
Katibu wa Jumuiya